Usiuze Shamba kwa Sababu ya A-

Matokeo ya KCSE yakitoka tu, swali huanza kuzunguka. "Niko na A- ya pointi 76, Hisabati nimepata A. Naweza kuchukuliwa Rotman?" Halafu watu hamsini ambao hawajawahi kuiona hiyo fomu wanajibu, "Hiyo ni yako, bro!"

Jameni, tuongee ukweli. Kuna mzazi mahali anasoma hayo majibu akipiga hesabu ya ng'ombe wa kuuza.

Maoni yangu ni haya: kusomea biashara Kanada kuna milango mitatu, na gredi inakufungulia mmoja tu. Tena huo mmoja wenyewe haufunguki wote.

Mlango wa kwanza ni chuo. Wengi hudhani A ya somo la Biashara ndo silaha. Kumbe Rotman ya Toronto na Sauder ya UBC zinaangalia sana Hisabati na Kiingereza. Rotman inataka mtu aliyesoma kalkulasi. Sisi tunaigusa kidogo kidato cha nne, lakini kama hiyo inatosha au la, ni chuo kitakwambia. Waandikie barua pepe uwaulize. Ni bure.

Halafu kuna fomu ya ziada. Rotman wanakupa maswali ujibu kwa video na kwa maandishi, saa ikihesabu. UBC wanataka ujieleze: umefanya nini, umejifunza nini, umesaidia nani. Kwa hivyo yule wa A- aliyekuwa akiendesha duka la mamake kila likizo anaweza kuwa na la kusema kuliko wa A safi ambaye hakuwahi kufunga kitabu. Ivey nao wana njia yao: unasoma miaka miwili kwanza chuoni Western, ndo unaingia miaka miwili ya biashara. Digrii ni za biashara zote, lakini milango haifanani. Ati mtu akwambie "una asilimia 80"? Ameitoa wapi?

Na kuna kitu cha saa. KCSE siku hizi hutoka mapema Januari, na UBC wamekuwa wakifunga maombi katikati ya mwezi huohuo. Ukingoja matokeo ndo uanze, pengine umechelewa mwaka mzima. Maombi hutayarishwa ukiwa bado shuleni, kwa ripoti zako za muhula.

Mlango wa pili ni pesa, na hapa ndo watu hunyamaza. Karo ya mwanafunzi wa nje kwenye vyuo hivyo vikubwa vya biashara inapita dola 50,000 za Kanada kwa mwaka. Zidisha kwa 90, uone. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni nne na nusu, mara miaka minne. Hujala, hujalala.

Mlango wa tatu ni kibali cha masomo. Barua ya chuo si visa. Tangu Septemba 2025, mwanafunzi anayeenda peke yake anatakiwa kuonyesha dola 22,895 za kujikimu, kando na karo ya mwaka wa kwanza na nauli. Kabla ya 2024 zilikuwa 10,000. Na tangu 2024 Kanada imeweka kikomo cha vibali vya wanafunzi wa nje. Kwa hivyo unaweza kukubaliwa na chuo, upigiwe vigelegele kanisani, halafu ukwame hapo.

Ndo maana sipendi ajenti anayeuza "nafasi ya uhakika". Tumesahau haraka hivi? Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa kwa mpango wa kaunti wa masomo ya Finland na Kanada. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wazazi walioambiwa kile walichotamani kusikia.

Najua utasema nawakatisha watu tamaa, na kwamba bila kujaribu hakuna anayefika. Sawa, jaribu, lakini anza na mlango wa pesa. Kama nyumbani hakuna milioni, swali lako la kwanza liwe udhamini. Ule wa Lester B. Pearson wa Chuo Kikuu cha Toronto unalipa karo, vitabu na malazi kwa miaka minne, lakini lazima shule yako ndo ikupendekeze. Mwalimu mkuu wako anajua hilo? Mwulize ungali kidato cha nne, kwa sababu ukishatoka shule kumrudia ni vigumu.

Na fomu ya KUCCPS ujaze, tafadhali. Digrii ya biashara ya Nairobi si adhabu. Unaweza kuimaliza, ufanye kazi, halafu uende Kanada kwa shahada ya pili ukiwa na akiba na akili ya kazi.

Gredi ni yako, umeitolea jasho, jivunie. Lakini shamba ni la familia nzima. Kabla mtu hajaliuza, kaeni chini na kalamu, mwandike milango yote mitatu, na kando ya kila mmoja muandike nani ana ufunguo. Pale pasipo na jina, msitoe pesa bado.