Mazungumzo ya Nyumbani: Mlevi Atakaye Kuacha Aende Wapi?



Wasomaji wapenzi, mwezi huu nataka kuwaelezeni swali moja lililonishinda.

Usiku mmoja wa mvua, mtu wa kijiji chetu cha Mpitimbi alibisha hodi kwangu. Nikamkaribisha, naye akakaa karibu na mlango kama mgeni, ijapokuwa twajuana tangu utoto. Akasema, "Mwalimu, nimeuza mifuko miwili ya mbolea ya mahindi yetu, na fedha zake nimezinywa zote. Mama watoto hajui bado. Nataka kuacha pombe. Nimesikia kwamba wako watu wanaokutana ili kusaidiana kuiacha. Hapa kwetu mkutano huo u wapi?"

Nikanyamaza. Maana miaka mingi nimesimama kanisani kuukemea ulevi, nikautaja ugimbi, ulanzi na gongo, kila kimoja kwa jina lake. Walakini sikupata kumwonyesha mtu mahali pa kwenda akiisha kutubu. Tena nilikumbuka jambo la aibu. Mtu huyu huyu mwaka jana alikuja katika Jumuiya yetu akinuka pombe, nami nikamwambia arudi nyumbani hata atakapokuwa safi. Akaondoka, lakini hakwenda nyumbani; alikwenda kilabuni. Huko hawakumfukuza.

Basi sikilizeni habari ya mkutano aliouulizia. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, walikutana watu wawili, Bill Wilson, mfanya biashara wa New York, na Bob Smith, daktari wa kupasua. Wote wawili ulevi ulikuwa umewashinda. Bill alikuwa ameacha kunywa miezi michache tu. Biashara iliyomleta mjini ikavunjika, akaona tamaa inamrudia. Akatambua kwamba dawa yake ni kumtafuta mlevi mwenzake, amsimulie yaliyompata yeye mwenyewe bila kumhubiria. Bob alikubali kumsikiliza robo saa tu, lakini wakaongea saa nyingi. Tarehe 10 Juni mwaka ule Bob alikunywa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa chama kiitwacho Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina. Leo kimeenea katika nchi nyingi. Mikutano yake iko Nairobi na Dar es Salaam, na huko Unguja ziko nyumba za upataji nafuu zinazofuata hatua zake kumi na mbili.

Desturi zake ni nyepesi. Hapana ada. Sharti ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Kila mtu husema habari zake mwenyewe, na wengine husikiliza. Lisemwalo humo halitoki nje. Wala hawaangalii miaka iliyo mbele. Huacha kwa siku ya leo, na kesho huanza tena.

Nikamwambia yule ndugu, "Dar es Salaam ni mbali, na nauli huna. Walakini Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, na wale wa Akron walikuwa wawili. Wewe ni mmoja. Tumtafute wa pili." Nikamkumbuka mzee mmoja aliyeacha pombe zamani sana. Tulizoea kumsifu, lakini hapana aliyepata kumwuliza aliachaje.

Kwanza tulikwenda kwa tabibu. Maana mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akiacha ghafula, aweza kutetemeka, kuona mambo yasiyokuwapo, hata kushikwa na kifafa na kufa. Asijaribu peke yake. Aende zahanati, au hospitali kama ile ya Peramiho, akaseme kweli kiasi anachokunywa.

Sasa hukutana kwa yule mzee kila Jumamosi jioni, saa ile kilabu kinapojaa. Wamekuwa watatu. Mmoja alianguka wakati ulanzi ulipokuwa tele, akakosa majuma mawili. Mzee akamfuata, asimwulize kwa nini, akamwambia tu, "Kigoda chako kipo." Akarudi. Mimi siketi pamoja nao, maana mkutano ni wao. Kazi yangu ni kuwaonyesha wengine njia, na kufunga kinywa changu.

Mama watoto amekwisha kuijua habari ya mbolea. Mumewe mwenyewe ndiye aliyemwambia. Alilia sana. Mahindi yao yalikuwa haba, na njaa haikuwa mbali. Lakini kila Jumamosi hupika mapema, ili mumewe asichelewe.

Mwaka 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba, tukafurahi. Lakini marufuku huondoa kiroba; haimpi mtu mwenzi. Nanyi akina mama mnaopika pombe ili watoto wapate daftari na sare, siwalaumu. Nawaombeni neno moja. Mtu akisema, "Leo sinywi," msimtie kikombe mkononi kwa utani.

Basi kila Jumuiya na ijiulize: mlevi akibisha hodi usiku, tutampeleka kwa nani? Tumtafute mtu huyo sasa, kabla hodi haijapigwa.

Nawasalimuni nyote pamoja na jamaa zenu.

Ni mimi, mwalimu wenu wa Mpitimbi.