Silikanti wa Tanga Hana Akiba

Silikanti ni samaki wa kale ambaye, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, wataalamu walimhesabu kuwa alikwisha toweka duniani. Tangu mwaka 2003 ananaswa pia na majarife ya papa katika nchi jirani ya Tanzania, hasa Tanga. Ilidhaniwa kuwa ni mgeni aliyeletwa na mikondo kutoka Komoro. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha vingine: silikanti wa kusini mwa Tanzania ni jamii moja na wa Komoro, bali wa Tanga ni kundi la peke yake, lililojitenga yapata miaka 200,000 iliyopita.

Sisi wanajeshi twaelewa upesi maana yake. Hicho ni kikosi kisicho na akiba nyuma yake. Anayenaswa Tanga hajaziwi nafasi na Komoro, na jike, kwa makadirio ya wataalamu, hubeba mimba miaka 5.

Tanzania ilitenga hifadhi mwaka 2009. Lakini Uganda nayo imo: bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima mwisho wake ni Chongoleani, papo hapo Tanga. Yakimwagika huko, mafuta ni yetu.