Hasira Iliyojificha Nyuma ya Hofu

Mama mmoja ameniandikia kuhusu mumewe. Bwana huyu akipanda matatu, moyo humwenda mbio ghafla, jasho likamtoka, vidole vikafa ganzi, akadhani kifo kimefika. Alipimwa moyo akaambiwa hauna kasoro. Daktari alisema ni ugonjwa wa hofu ya ghafla, akamtuma kwa mshauri. Alikwenda mara tatu, kisha akasusa. Siku hizi nyumbani ni ukali tu. Chai ikipoa, kosa. Watoto wakicheka, kosa. “Je, ni mgonjwa, au ameamua tu kutuonea?” auliza mama.

Dada yangu, hofu na hasira ni ndugu. Zote huuamsha mwili kwa njia moja: moyo hudunda, pumzi huenda kasi, misuli hukaza. Aliyewahi kushikwa na hofu hii huogopa hata mdundo wa moyo wake mwenyewe. Basi akikasirika, hudhani ugonjwa umemrudia, hofu ikazidi.

Wapo wataalamu wanaoamini kwamba baadhi ya wagonjwa huogopa kuwakasirikia wale wawapendao, hivyo huimeza hasira hadi ikatokea kama hofu. Mwaka 2007 Dkt Barbara Milrod wa New York na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 49. Kundi moja lilizungumzia hisia hizo, hasira ikiwemo, katika vikao 24 vya majuma 12. La pili lilifunzwa kulegeza misuli. Walionufaika katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 73, na la pili asilimia 39. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini funzo lipo: hasira nayo ina nafasi yake katika matibabu.

Kwa hivyo, msihi mumeo arudi kwa mshauri. Amweleze ukali wake wa nyumbani, na hata kama ni mshauri mwenyewe aliyemuudhi, aseme. Mficha uchi hazai. Zungumza naye akiwa ametulia, si wakati anapofoka.

Lakini nawe sikia: ugonjwa ni sababu ya kutibiwa, si ruhusa ya kupiga. Akiinua mkono, chukua watoto uende kwa jamaa unaowaamini, kisha upige ripoti. Dawa itafuatia.

Tukutane Jumapili ijayo.