Lawama Hii si ya Mwananchi

Wako watu, na baadhi yao ni wasomi, wanaopenda kumlaumu mwananchi kwamba amekuwa mbadhirifu. Husema kwamba zamani redio ikinyamaza ilipelekwa kwa fundi, lakini leo hutupwa ikanunuliwa nyingine. Eti ni majivuno na uvivu! Lawama hiyo humpiga asiye na kosa na kumwacha mkosaji aende zake.

Hebu tujiulize. Simu ambayo betri yake imegandishwa kwa gundi, pasi isiyo na skrubu hata moja, printa inayokataa wino usiotoka kiwanda kilekile: fundi aanzie wapi? Na bei ya kipuri ikikaribia bei ya chombo kizima, mtu mwenye akili timamu afanye nini? Mwananchi hatupi kwa kupenda. Ametegwa.

Mtego huu si wa leo. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya taa za umeme, yakiwamo Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, yaliunda huko Geneva ushirika ulioitwa Phoebus. Yalikubaliana kwamba balbu isidumu zaidi ya saa 1,000, ingawa zilikwisha kuwapo zilizodumu 1,500 na zaidi. Kiwanda ambacho balbu zake zilipita kiwango hicho kilitozwa faini. Wataalamu walilipwa mshahara ili waiharibu kazi njema waliyokwisha kuimudu! Ushirika huo ulivunjika Vita Kuu ya Pili ilipowadia, lakini fikra yake ingali hai: mnunuzi aliyetosheka ni hasara kwa muuzaji.

Matokeo yake tunayaona. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na chini ya robo ndizo zilizothibitika kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Katika jalala la Agbogbloshie, mjini Accra, hadi lilipobomolewa mwaka 2021, vijana wa Kiafrika walichoma nyaya ili wapate shaba, huku wakivuta sumu ya anasa za wengine.

Lakini iko hasara nyingine isiyopimwa kwa tani. Fundi wa redio, wa saa na wa cherehani alikuwa pia mwalimu. Kijana aliyemshikia taa alijifunza jinsi chombo kinavyofanya kazi. Taifa lisiloweza kufungua kile linachokinunua litakiunda lini?

Dawa ipo. Mwaka 2021 Ufaransa ilianza kuwalazimisha wauzaji wa simu, televisheni na mashine za kufulia waonyeshe alama, kati ya 10, ya urahisi wa kuvitengeneza vyombo hivyo. Sisi nasi tunazo nguvu. Serikali ni mnunuzi mkubwa. Mtumishi anayeandaa zabuni asitazame bei peke yake. Adai ahadi ya maandishi kwamba vipuri vitapatikana kwa miaka kadhaa, na kitabu cha ufundi kiambatane na chombo. Naye mwalimu wa sayansi asiione redio mbovu kuwa takataka. Ni maabara.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakujua kwamba ingekuja siku tungeuziwa ukuta usiozibika. Basi tuukatae kabla hatujaulipia.