Vikapu Kumi na Viwili na Maji ya Kiwandani



Wapendwa, baada ya Bwana wetu kuwalisha watu 5,000 kwa mikate mitano na samaki wawili, mabaki yalijaza vikapu kumi na viwili. Mwinjili Marko anataja kwamba hata vipande vya samaki viliokotwa. Aliyekuwa na uwezo wa kuzidisha chakula hakuruhusu makombo yapotee.

Tangu miaka ya 1990, viwanda vya Mwanza na Musoma vimekuwa vikikata sangara wa Ziwa Victoria kuwa minofu ya kuuzwa Ulaya. Mnofu haufiki nusu ya uzito wa samaki. Mapanki yana wateja, na mabondo husafirishwa Asia kwa bei kubwa. Kilicho na bei hukusanywa. Damu, mafuta na vipande vidogo visipokingwa, husukumwa kwa mpira wa maji hadi mtaroni. Vikifika ziwani, vijidudu vinavyoviozesha hutumia oksijeni iliyomo majini, na samaki walio hai hukosa pumzi.

Nionavyo, dawa ya kwanza ni ufagio. Sakafu ifagiliwe kabla ya kuoshwa, damu ikingwe kwenye vyombo, mitaro iwekewe wavu, na mipira ya maji ifungwe vali inayojifunga mkono ukiiachia. Ndipo maji machache yaliyobaki yatenganishwe na mafuta na kusafishwa. Kuongeza maji ili uchafu uonekane mwepesi si kusafisha. Mzigo unaoingia ziwani ni uleule.

Wapo wasemao kwamba masharti haya yataua ajira. Hoja hiyo ni nzito, maana familia nyingi hupata riziki humo. Lakini lita isiyotumika haihitaji kuvutwa kwa pampu wala kusafishwa. Tena uchafu ukimwagwa, gharama yake haifutiki. Inahamia kwa mama anayechota ndoo ufukweni. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kwamba mchafuzi ndiye apasaye kulipa. Naye hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba maji salama ni haki ya msingi ya binadamu.

Sisi wa Kilosa na Mikumi tuko mbali na ziwa hilo, ila jambo hili linatuhusu. Katika jani la mkonge, nyuzi ni takriban asilimia 4 tu; sehemu kubwa iliyobaki hutoka kwenye korona pamoja na maji mengi. Machinjio nayo yana damu yake. Mto Mkondoa humwaga maji yake Wami, na Wami huingia Bahari ya Hindi. Njiani wapo wanaokunywa, na hao ndio jirani zetu tulioamriwa kuwapenda.

Basi, kila mwenye kazi inayotumia maji ajiulize: kikapu changu kiko wapi, kabla sijafungua bomba?

Mungu awabariki.

Paroko wenu