Redio za ridhaa zisiachiwe wageni

Februari 2001 kikosi cha wanaredio wa kimataifa kilichoongozwa na Waingereza kilitua Ngazidja, Komoro, na shehena ya mitambo na antena, kikapiga kambi ufukweni. Kwa wiki zipatazo tatu, usiku na mchana, kikosi hicho kiliita dunia kwa alama ya D68C. Kilipofungasha virago kilikuwa kimewasiliana na vituo vingine zaidi ya mara 168,000, rekodi ya dunia ya wakati huo kwa safari za aina hiyo. Watu walikesha Ulaya, Japani na Marekani wakisubiri zamu yao ya kuinasa Komoro. Mngazidja aliyepita njiani akaziona nyaya zile angesamehewa kudhani kampuni ya simu imeleta mnara mpya.

Hali haijabadilika sana tangu hapo. Katika orodha ya visiwa ambavyo wapenzi wa redio duniani hushindana kuvisikia, Unguja ina namba yake, AF-032, na kila baada ya muda Mtaliano au Mjerumani hufika na sanduku la redio, akafunga waya kwenye mnazi nje ya hoteli na kuita hadi likizo iishe. Anarudi kwao na maelfu ya mawasiliano daftarini. Hakuna ubaya wowote. Amelipa leseni, amelipa chumba, na ameitangaza Zanzibar bure. Ubaya uko upande wa pili: katika mchezo ambao Afrika Mashariki inatafutwa kama lulu, wenyeji ni wa kuhesabu.

Redio ya ridhaa ni huduma inayotambuliwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU. Mtu anafanya mtihani, anapewa leseni na alama yake ya utambulisho, kisha anaruhusiwa kurusha mawimbi na kuzungumza na wenzake popote duniani kwa sharti kwamba hachumi kitu. Harushi matangazo ya biashara, hapigi muziki. Kama ilivyo kwa ngumi za ridhaa, anayeingia huku anafuata kujifunza na kupimana ubavu na wenzake. Tanzania inaanzia na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Kongo 9Q. Lakini ukiinasa 5H hewani usitarajie moja kwa moja kuitikiwa kwa Kiswahili. Mara nyingi mwenye sauti ni mhandisi wa mradi, mmisionari au mtalii.

Si kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Enzi za Waingereza, Kenya ilikuwa VQ4, Tanganyika VQ3, Uganda VQ5 na Zanzibar VQ1. Bendera ziliposhuka, herufi nazo zikabadilika. Kuna kichekesho kidogo hapa: wapenzi wa redio waliendelea kuihesabu Zanzibar kama nchi ya peke yake katika mashindano yao hadi mwaka 1974, miaka kumi baada ya Muungano. Wazee waliowahi kuipata kabla ya hapo bado wanajivunia kadi zao.

Kenya ndiyo imepiga hatua zaidi. Chama chake cha redio za ridhaa, ARSK, ni mwanachama wa shirikisho la dunia la wanaredio, na jina lake linajulikana kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Nairobi, kwa sababu ya kituo kidogo cha ishara kiitwacho 5Z4B. Vituo vya aina hiyo viko 18 duniani, kuanzia New York hadi New Zealand, na vinapokezana. Katika masafa ya megahezi 14.100, kila kimoja kinapewa sekunde 10 tu, na mzunguko mzima unakamilika kwa dakika tatu. Ikifika zamu ya Kenya, kituo kinajitaja kwa alama za Morse, kisha kinatoa milio mirefu minne. Wa kwanza ni wa wati 100, sawa na globu ya zamani ya sebuleni. Wa pili ni wati 10, wa tatu wati moja, wa nne sehemu moja ya kumi ya wati. Mtu wa Finland anayesikiliza anahesabu tu milio: akisikia miwili, anajua njia ya anga kati yake na Afrika Mashariki imefunguka kiasi gani saa hiyo. Akisikia yote minne, anakimbilia kiti chake. Kwa kazi hiyo ndogo ya sekunde 10, Kenya inahudumia dunia nzima, na Wakenya wengi hawana habari.

Klabu hai hufanya nini hasa? Kwanza hufundisha kwa mikono. Antena ya kwanza ya mwanafunzi kwa kawaida ni waya wa shaba wa mita 20 uliokatwa katikati, mita 10 kila upande. Kati ya vipande hivyo anafunga kipande cha bomba la plastiki, ndipo analehemu waya unaoshuka kwenye redio. Anautundika kati ya mwembe na paa la darasa, anaweka kipimo, anasoma. Mshale uko juu mno. Waya ni mrefu. Anashusha, anakata sentimita kumi kila upande, anapandisha tena. Anarudia hadi mshale ulale. Amejifunza urefu wa wimbi kwa jasho lake, na swali hilo likija kwenye mtihani wa fizikia halitamtoa jasho tena.

Kuna mengine: mchezo wa kusaka redio iliyofichwa porini kwa kutumia antena ya mkononi, mashindano ya usiku kucha, na maskauti wa nchi mbalimbali wanaokutana hewani kila Oktoba. Kwa maskauti Kenya ina sababu ya ziada ya kushiriki, maana mwanzilishi wao, Baden-Powell, amezikwa Nyeri.

Msomaji atauliza, na ana haki: kwa nini mtu ahangaike na waya wakati WhatsApp iko mkononi?

Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini mwa Afrika. Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wakaonja siku za intaneti ya kusuasua. Tusidanganyane: redio ya ridhaa isingerudisha malipo ya dukani wala mikutano ya video. Lakini tukio lile lilionyesha jinsi nchi kadhaa zilivyoning'inia kwenye nyaya chache zilizolala chini ya bahari. Waya ule wa mwembeni, ukifungwa chini kidogo na redio ikiunganishwa na betri ya gari, unarusha mawimbi juu yanayogonga anga na kushuka ndani ya mamia ya kilomita. Milima ya Usambara au Uluguru haiyazuii, kwa kuwa yanapita juu yake. Dar es Salaam na Dodoma zinaweza kuongea bila mnara, bila mkongo na bila umeme wa gridi.

Kwingineko jambo hili limeshapimwa kwenye maafa. Desemba 2004 kikundi cha wanaredio wa India kilikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, kwa burudani ile ile iliyowapeleka wengine Ngazidja. Tsunami ilipopiga, redio zao za mchezo zikageuka kuwa njia ya habari kati ya visiwa na bara. Mwaka 2017 kimbunga Maria kilipoilaza mitandao ya Puerto Rico, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikiomba chama cha wanaredio wa nchi hiyo watu 50 wa kujitolea. Chama kiliweza kuombwa kwa sababu kilikuwepo, kina watu waliozoea kazi. Kamati za maafa za kwetu, ambazo zimeshughulikia tope la Katesh Desemba 2023 na mafuriko ya Mai Mahiu Aprili 2024, zimwombe nani?

Kikwazo kikubwa ni woga. Mtu mwenye redio ya upepo na nyaya juu ya paa hushukiwa upesi. Jirani anamnong'oneza mjumbe, mjumbe anampigia polisi. Serikali za eneo hili zimeshapigwa na ugaidi na zina haki ya kuuliza maswali. Ila zitazame na kanuni zenyewe. Kanuni za ITU zinakataza mwanaredio wa ridhaa kuficha maana ya ujumbe wake kwa msimbo wa siri. Anatakiwa kujitaja kwa alama yake, na yeyote mwenye kipokezi anaweza kumsikiliza, ofisa wa usalama akiwemo. Mhalifu mwenye akili atachagua simu yenye ujumbe uliofungwa kwa siri kabla ya kuchagua redio inayosikika hadi Finland.

Oman ilishaumaliza mjadala huo. Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa mwanaredio wa ridhaa, alama yake A41AA, na chama cha kifalme cha wanaredio cha nchi hiyo kilianzishwa mwaka 1972, mwanzoni kabisa mwa utawala wake. Katika Muscat, mji wenye Waswahili wengi waliotoka Zanzibar, hobi hii ina hadhi. Huko mtawala aliona afadhali vijana wajifunze redio hadharani, wakiwa na leseni, kuliko kujifunza gizani.

Na vijana wana kingine cha kufuata zaidi ya nyaya za mwembeni. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10, ilirushwa kutoka kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Setilaiti za namna hiyo zikifika angani, mara nyingi ni wanaredio wa ridhaa wa pembe zote za dunia wanaozinasa na kusaidia kusoma afya zao. Wao wenyewe wamekuwa wakipeleka setilaiti tangu Desemba 1961, miaka minne tu baada ya Sputnik. Moja inayofaa zaidi kwetu ni QO-100, iliyorushwa mwaka 2018, ambayo imetulia juu ya ikweta na kulifunika bara la Afrika lote. Kuisikiliza hakuhitaji zaidi ya dishi la kawaida la televisheni kama yale yaliyojaa kwenye paa za Mwenge na Kisauni, kifaa kidogo cha kupokelea na kompyuta. Shule ya sekondari yenye mwalimu mwenye hamu inaweza kuanzia hapo.

Gharama, kweli, zipo. Redio mpya ya masafa marefu si ya mshahara wa mwalimu, na mzigo wa namna hiyo bandarini ni safari nyingine. Ndiyo maana jambo hili linahitaji klabu: redio moja, antena moja, watu ishirini. Vyuo vya ufundi vya VETA vina karakana, vina mafundi, na vina paa. Mamlaka za mawasiliano za Tanzania na Kenya zina mikono miwili ya kusaidia bila kutoa hata shilingi: kuruhusu leseni ya klabu itolewe haraka kwa chuo chenye msimamizi mwenye sifa, na kuhakikisha mtihani unapatikana kwa Kiswahili pia. Hata alama za Morse, zilizowakatisha wengi tamaa zamani, zilishaondolewa kwenye masharti ya kimataifa tangu mkutano wa ITU wa mwaka 2003. Fundi anayelehemu simu Kariakoo kutwa nzima anaijua nusu ya silabasi tayari. Kinachomshinda ni lugha ya karatasi.

Aprili 18 ya kila mwaka ni siku ya redio za ridhaa duniani, kumbukumbu ya kuundwa kwa shirikisho lao mjini Paris mwaka 1925. Klabu zilizopo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zifungue milango siku hiyo. Walimu wa fizikia wapeleke wanafunzi, kamati za maafa zitume watu wao, na mamlaka zitume ofisa mwenye fomu za leseni mkononi.