Kaa Chini Usikilize

Sisi watu wa vitabu tuna unafiki mmoja. Tukipewa mashairi ya Muyaka tunakaa nayo wiki nzima, tunaulizana neno hili la Kimvita lina maana gani, tunagombana juu ya mshororo mmoja mpaka usiku wa manane. Tukipewa albamu ya manju wa Kisukuma tunasikiliza sekunde ishirini, tunacheka kidogo, tunatumiana klipu, basi. Kesho yake tunaandika makala ndefu kulalamika kwamba Watanzania hawasomi.

Nimekaa Bariadi muda wa kutosha kuchoshwa na jambo hili. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na wanaouandika kutoka mbali wanaandika pamba na ng'ombe. Nyimbo huwekwa mwishoni, kwenye ile aya ya "utamaduni", pamoja na nyoka. Lazima nyoka wawepo.

Shule nazo zimechangia. Kitabu cha fasihi simulizi kinakufundisha kwamba wimbo wa kazi ni mali ya jamii, mtunzi wake hajulikani, kisha unaorodhesha dhima tano na kupata alama zako. Hebu nenda kawaambie hivyo watu wa Maswa au Itilima! Wagika na Wagalu, yale makundi mawili makubwa ya ngoma za Usukuma, wanawataja mpaka waasisi wao, Ngika na Gumha. Makundi yakishindana baada ya mavuno, yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji wanahamia upande unaowavuta. Manju mwenye mashairi mepesi anabaki na watoto na mbwa. Uhakiki mkali kuliko huo mimi sijausoma kwenye jarida lolote. Frank Gunderson, Mmarekani, alikusanya zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Wasukuma katika kitabu kilichotoka Brill mwaka 2010, na alihangaika kufuatilia nani alitunga nini. Kinauzwa bei ya mbuzi kadhaa, na kimeandikwa kwa Kiingereza. Sisi wenye lugha tumetoa nini?

Naambiwa: "Lakini wale wa siku hizi wanaimba kusifia watu tu, wakilipwa wanataja majina ya matajiri wa ng'ombe." Ni kweli, wanataja. Na Muyaka aliwatungia nani? Aliwatungia Mazrui wa Mombasa, waliokuwa wakubwa wake, na leo tunamwita gwiji. Sifa ni utanzu, wenye kanuni na ujanja wake: msifiwa mmoja anapandishwa, jirani yake anachomwa bila kutajwa. Ila ujanja huo hauonekani kwenye sekunde ishirini. Unaonekana dakika ya sita, pale jina lile lile linaporudi likiwa na kejeli.

Ndiyo maana nasema tusikilize polepole, na nasema albamu nzima. Kuna ngoma ya Wasukuma inaitwa wigashe, jina linalotokana na kukaa, na kweli wachezaji huketi. Yaani wazee walikuwa na utanzu ambao jina lake tu linakupa maelekezo. Sisi tunasikiliza tukiwa tumesimama, kidole gumba kiko juu ya kioo tayari kuruka.

Juzi kwenye basi la kutoka Mwanza, tumeshapita Lamadi, konda alikuwa anabadilisha wimbo kila ukianza. Mzee mmoja nyuma yangu akamwambia, "Mwanangu, mwache kwanza ajitambulishe." Watu walicheka, konda pia. Lakini yule mzee alikuwa amegusa kitu. Manju hujitaja ndani ya wimbo: jina, kwao, wakati mwingine na aliyemfundisha. Watunzi wa tenzi nao waliweka majina yao katika beti za mwisho. Ukiruka hapo umechana jalada la kitabu, halafu unasema hakina mwandishi.

Mnataka mapendekezo? Anzeni na rekodi za Hugh Tracey. Mwaka 1950 alizunguka Tanganyika na mashine yake, na baadaye SWP Records ya Uholanzi ikazitoa kwenye CD mbili, moja ya ala na moja ya sauti. Santuri za enzi zile zilibeba kama dakika tatu kila upande, kwa hiyo waimbaji walilazimika kukatisha. Sikilizeni jinsi baadhi ya nyimbo zinavyofungwa ghafla. Enzi zile mashine ndiyo iliyomkata mwimbaji. Sisi tunamkata kwa hiari yetu.

Kisha Chibite ya Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003. Ilimba, zeze na sauti inayopanda na kushuka mpaka unatafuta mtu wa pili chumbani. Mara ya kwanza nilidhani nimeielewa; mara ya nne ndipo nilianza kusikia jinsi ilimba inavyojibishana na sauti. Baada ya hapo wekeni Maisha ya The Zawose Queens, ya mwaka 2024, msikie wanawake wa ukoo huo huo wakiwa mbele badala ya kuitikia tu.

Mtaona kwamba zote hizi zilitolewa Ulaya. Wagogo walau wamepata hilo. Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote nchini, albamu zao ziko YouTube na kwenye vibanda vya vijana wanaoingiza nyimbo kwenye memori kadi. Nenda kibanda chochote cha Bariadi ukaombe Bhudagala. Utapewa nyimbo zake zikiwa zimechanganywa na za wengine watano, mpangilio umevurugika, nyingine zimeandikwa "Track 07" au "Kisukuma mpya". Kijana wa kibanda simlaumu, anatafuta ugali. Nawalaumu wanaojiita wahakiki, ambao hawajawahi kumuuliza hiyo ya saba ni ya nani.

Na msiniambie hamjui Kisukuma. Kimvita nacho hamkukijua, mkafungua kamusi. Hapo Dar mtaani kwenu Msukuma hakosi: fundi, mwalimu, dereva wa bodaboda. Mnunulie soda, mkae naye jioni moja na wimbo mmoja, aueleze ubeti kwa ubeti, mbishane. Kisha andikeni. Uhakiki wa kurasa mbili unatosha, na hata ukiwa na makosa nitausoma, mradi unataja jina la manju, kijiji chake, na nyimbo zilivyofuatana.